Iodini si ya kumiminwa: matumbawe, muundi wangu na plasta ya nailoni

Matumbawe yalinikata muundi maji yakiwa yamekupwa. Mkato wenyewe ulikuwa mrefu kama kidole cha shahada, haukuachama, na damu ilikata baada ya kuubana kwa kitambaa dakika kumi hivi. Ungeachama au ungeendelea kuvuja, ningekwenda kushonwa na wala nisingekuwa na haja ya kuandika haya. Kabla sijafika barabarani nilikuwa nishapewa dawa tatu: unga wa kahawa, dawa ya meno, na ushauri wa mzee mmoja aliyeshikilia kwamba iodini humiminwa mpaka mtu apige ukelele, kwani isipochoma haifanyi kazi.

Anayoikumbuka mzee huyo ni tincha ya zamani, iodini asilimia 2 ndani ya spiriti. Kinachokupigisha ukelele zaidi ni spiriti. Tena chupa ya tincha ikikaa na kifuniko kilicholegea katika joto letu hili, spiriti huruka na iodini inayobaki huwa kali kuliko ilivyoandikwa. Mimi tincha siitii ndani ya jeraha hata kidogo. Kwenye maduka ya dawa ya siku hizi ukiulizia iodini utapewa povidoni ya asilimia 10, yaani iodini iliyoshikizwa kwenye kibebaji kiitwacho povidoni na kuchanganywa na maji. Nililipa mia mbili na ushee kwa chupa ambayo mpaka leo haijafika nusu. Ile 10 ni ya povidoni nzima. Iodini yenyewe inayoweza kuua vijidudu humo ni asilimia 1 tu. Nayo karibu yote imeshikwa na povidoni, ambayo huiachia kidogo kidogo, ndiyo maana haichomi sana. Soma kibandiko lakini: iko pia ya asilimia 7.5 yenye sabuni, ya kuoshea mikono na ngozi nzima kabla ya upasuaji. Hiyo haiingii kwenye jeraha.

Watu wengi huharibu kazi kwenye kuosha. Iodini haichagui: hujimaliza kwa damu, usaha na uchafu vilevile inavyojimaliza kwa bakteria. Rangi yake ya kahawia ikififia na kuwa njano hafifu, ujue nguvu imekwisha. Kwa hiyo maji kwanza, na maji ya kisima yenye chumvi hapana. Nilitumia ya kunywa kutoka kwenye mtungi wa lita 20. Nilichukua chupa ya nusu lita, nikatoboa kifuniko kwa sindano iliyopashwa moto, nikaiminya ili maji yatoke kwa kasi. Zilipita chupa sita. Vijiwe vya matumbawe hung'ang'ania, na kimoja kikibaki ndani, chupa nzima ya iodini haitazuia usaha. Nilivitoa kwa kibano kilichochemshwa. Sabuni niliipitisha pembeni mwa jeraha tu.

Sasa upumbavu wangu. Jioni ile nilikuwa navuka feri kwenda Likoni na nilihofia vumbi na msongamano. Nikaloweka shashi kwa povidoni mpaka ikadondoka, nikaibandika, juu yake nikaweka kipande cha mfuko wa nailoni, kisha nikazungusha plasta pande zote nne bila kuacha hata tundu la sisimizi. Kazi safi, nilijisifu. Usiku ilianza kuwasha, halafu kuchoma. Nikajiambia, haya, ndiyo inafanya kazi, kumbe nimegeuka yule mzee! Asubuhi nilipofungua, jeraha lenyewe lilikuwa salama, lakini ngozi iliyolizunguka ilikuwa nyekundu na malengelenge, umbo la mraba kamili, kama stempu ya barua. Iodini mbichi, yaani ambayo haijakauka, ikifungiwa bila hewa huunguza ngozi, hata hii isiyo na spiriti. Hutokea pia ikitiririka na kutuama chini ya mgonjwa aliyelala.

Baada ya hapo nilifanya hivi. Kwenye kijiko kilichochemshwa namimina matone machache, sigusishi mdomo wa chupa kwenye jeraha wala kwenye pamba. (Kuna bakteria waliowahi kukutwa hai ndani ya chupa za povidoni, kwa hiyo usidhani chupa hujisafisha yenyewe.) Napaka utando mwembamba kuanzia kwenye jeraha kwenda nje, nasubiri dakika mbili tatu mpaka ikauke kabisa, ndipo naweka shashi kavu na plasta ya karatasi inayopitisha hewa. Asubuhi na jioni. Siku ya nne chini palikuwa pekundu pasafi, nikaacha iodini na kuendelea na mafuta ya mgando, kwa sababu iodini hailengi vijidudu peke yao, huumiza pia chembe changa zinazoziba jeraha. Ikifika wiki bado unaihitaji, nenda ukaonwe.

Mara nyingine huizimua: kijiko kimoja cha chai cha povidoni, vijiko tisa vya maji yaliyochemshwa yakapoa, rangi ya sturungi. Usidhani umeidhoofisha. Povidoni ikizimuliwa huilegeza iodini, na iliyo huru huongezeka. Ila akiba yake ni ndogo, huisha upesi penye usaha, na mchanganyiko hauwekwi, kinachobaki namwaga.

Chupa nisiyoiamini naijaribu kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha. Tone likigeuka buluu nyeusi, iodini imo. Haikwambii kiasi wala haifuti tarehe ya mwisho, lakini chupa iliyopauka isiyobadilisha muhogo nishaitupa. Na kanzu ikidondokewa, saga kidonge cha vitamini C, tia maji kidogo, upake: doa hutoweka ukiliangalia. Kwa sababu hiyohiyo ukikamulia ndimu jeraha lililopakwa iodini, umeizima, mbali na hayo maumivu.

Niliambiwa pia kwamba asiyepatana na kamba na kaa asiguse iodini. Si kweli, mwili hapo hukataa protini ya hao wanyama. Wanaopaswa kujihadhari ni wenye matatizo ya tezi ya shingo au figo, aliyewahi kuchubuliwa na iodini yenyewe, wajawazito na wanaonyonyesha kabla ya kuuliza, na kichanga asipakwe bila agizo la daktari. Sehemu kubwa iliyoungua nayo hapana, iodini huingia mwilini. Aliyeng'atwa na mbwa au paka aoshe kwa sabuni na maji dakika 15, apake, halafu aende siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mimi nilikwenda kuchomwa ya pepopunda, maana sikukumbuka ya mwisho ilikuwa lini. Na kwa jeraha la baharini, wekundu ukitambaa haraka, homa ikipanda au malengelenge yakitokea mbali na plasta, usisubiri asubuhi, hasa mwenye kisukari au ugonjwa wa ini.

Mkato wa matumbawe ulifunga kabla ya wiki mbili kwisha. Ule mraba wa nailoni ulikaa zaidi ya mwezi.