Plagi ya tela huozea mgongoni

Taa za tela zikianza kusumbua, kawaida plagi huchomolewa, hupulizwa kwa mdomo, hugongwa-gongwa kwenye goti na kurudishwa. Taa zinawaka. Zinawaka mpaka Chalinze. Kupuliza kumegusa uso wa pini tu, na ugonjwa hauko usoni. Uko nyuma, kule nyaya zinakobanwa kwa skrubu, ambako hakuna anayefungua mpaka fyuzi zianze kukatika ovyo.

Ninayoizungumzia hapa ni plagi nyeusi ya pini 7, volti 24, iliyo kwenye malori mengi ya Ulaya yanayopandisha mizigo kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Kiwango chake ni ISO 1185, na mafundi wengi wanaijua kwa jina la 24N. Pini namba 1 ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, waya mweupe. 2 ni taa ndogo za kushoto, mweusi. 3 indiketa ya kushoto, njano. 4 breki, nyekundu. 5 indiketa ya kulia, kijani. 6 taa ndogo za kulia, kahawia. 7, bluu, iliwekwa kwa ajili ya kuendesha breki za tela, na kwenye matela mengi haina kazi. Namba zimeandikwa kwenye plastiki karibu na kila pini, ndogo sana, kwa hiyo washa tochi. Usichukue mchoro wa kwanza unaoukuta mtandaoni, maana mingi ni ya vitela vya volti 12 vinavyovutwa na magari madogo, na huko ethi iko namba 3. Ukifunga ethi kwenye 3 ya lori umeiunganisha na indiketa ya kushoto, na fyuzi itakatika mara ya kwanza dereva atakapokunja kushoto. Rangi nazo ziamini kwa tahadhari. Tela lililopita mikono mitatu linaweza kuwa na waya wa kijani unaobeba breki.

Maji huingiaje kwenye plagi yenye kifuniko? Huingia kwa kufuata kebo. Mpira wa pale kebo inapoingilia huchoka na jua, nati yake hulegea kwa mtikisiko, na mvua ikinyesha maji huteremka juu ya kebo kama yanavyoteremka kwenye kamba ya kuanikia nguo, mpaka ndani. Humo yanakuta shaba ya njano ya pini, shaba nyekundu ya waya na skrubu ya chuma, vyote vimegusana. Ongeza umeme juu yake. Taa ndogo zikiwa zimewashwa usiku kucha, umeme unavuja kupitia yale maji kutoka pini chanya kwenda ethi, na pini chanya ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana pini 2 na 6 huchakaa kabla ya 3 na 5, kwani indiketa huwaka kwa dakika, taa ndogo kwa masaa. Kama tela lina plagi ya pili nyeupe, ile ya 24S, anza ukaguzi na pini yake namba 4. Hiyo ina umeme muda wote hata lori likiwa limezimwa.

Mzigo nao una lake. Tela lililobeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni au Bagamoyo linaondoka na unga wake kila mahali. Mbolea zenye amonia hushambulia shaba ya njano mpaka pini inapasuka bila kupinda. Salfa inayopelekwa kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo huziacha nyuzi za waya zikiwa nyeusi badala ya kijani, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Kwa matela ya mizigo hiyo, fungua plagi kila mwezi. Kwa mengine, kabla ya masika na kabla ya vuli panatosha.

Sasa ethi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Kila pini nyingine hubeba mzigo wake peke yake, lakini pini namba 1 hurudisha umeme wa taa zote. Chukua tela lenye taa ndogo 12 za wati 5: wati 60, gawanya kwa 24, ni ampea 2.5. Breki mbili za wati 21 ni ampea 1.75. Indiketa moja ni karibu 0.9. Dereva akikanyaga breki usiku huku anakunja, ampea 5 na ushee zinapita kwenye pini moja. Kutu ikiweka pale upinzani wa nusu omu tu, umepoteza volti 2.5, na pini inapata joto linalolegeza plastiki inayoishika. Dalili yake haijifichi: ukikanyaga breki taa ndogo zinafifia, indiketa inawaka pamoja na breki, tela zima linacheza disko. Ukiona taa zinachanganyikiwa hivyo, usianze kubadilisha globu. Washa taa zote, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya taa ya nyuma ya tela. Ikizidi nusu volti, njia ya ethi ina tatizo. Sogeza ncha hatua kwa hatua kurudi mbele, na mahali namba inapoanguka ghafla ndipo palipooza. Mara nyingi ni kwenye plagi, wakati mwingine ni boliti ya ethi kwenye chesisi iliyopakwa rangi juu.

Kuifungua na kuifunga upya ni kazi ya saa moja ukiwa na vifaa. Zima lori, toa hasi ya betri, legeza nati ya kebo kabla ya kugusa skrubu za plagi, la sivyo utainyonga kebo. Piga picha ya nyaya kwa simu. Kata kila waya nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Ukijani hupanda ndani ya ganda la waya, wakati mwingine sentimita 5 au zaidi, na kuchuna ncha tu kisha kufunga tena ni kurudisha maradhi ndani. Kama umekata sana na kebo imekuwa fupi, nunua nyingine. Tafuta ya nyaya 7 yenye sita za milimita mraba 1.5 na moja nene zaidi ya 2.5, na hiyo nene ndiyo ya ethi. Kebo ambayo nyaya zote ni nyembamba kama za redio ni hasara hata ukipewa bure.

Chuna milimita 8 hivi, sokota nyuzi, valisha kila ncha kikopo chake cha bati (ferrule) na ukibane kwa koleo. Usiyeyushie risasi kwenye ncha inayokwenda chini ya skrubu. Risasi ni laini, hubonyea polepole chini ya skrubu mpaka inalegea, na waya hukatikia pale risasi inapoishia kwa sababu hapo haupindi tena. Hakikisha hakuna uzi hata mmoja uliobaki nje, kwa sababu uzi mmoja ukigusa pini ya jirani ndiyo shoti ambayo utaitafuta wiki nzima. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa mkono.

Pini zenye kutu nyepesi zisugue kwa mswaki mkavu na dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Zenye ukijani mzito zipake siki au ndimu, subiri dakika 5, suuza kwa maji safi mara mbili, kausha kabisa. Asidi ikibaki itaendelea kula. Msasa ndio silaha ya mwisho, tena uwe laini, namba 600, kwa sababu unaondoa utando unaoilinda shaba. Petroli achana nayo. Pini zenye mwanya katikati zikilegea, ingiza wembe wa kisu mwembamba uzipanue kidogo, kiasi cha plagi kuingia kwa kusukuma, si kwa kuteleza.

Grisi ina ubishi mwingi gereji. Inayotakiwa ni ya silikoni isiyopitisha umeme. Watu huuliza: kama haipitishi, taa zitawakaje? Pini na tundu vinabanana mpaka vinaisukuma grisi pembeni, chuma kinagusa chuma, na iliyobaki kuzunguka inazuia hewa na maji. Paka utando mwembamba kwenye pini, na nyuma kwenye skrubu paka kwa ukarimu. Grisi ya bearingi hukusanya vumbi na kuvimbisha mipira. Grisi ya shaba inaweza kupitisha umeme kati ya pini na pini, ukajitengenezea shoti mwenyewe. Vaseline inasaidia ukiwa porini, ila jua la Dodoma litaiyeyusha yote imwagike chini. WD-40 inafukuza maji, kesho yake haipo.

Ukitaka kuziba mahali kebo inapoingilia, angalia aina ya silikoni. Ile ya madirisha inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula shaba kimyakimya ndani ya kile ulichodhani umekilinda. Nunua isiyo na harufu hiyo. Na usizibe kitundu cha chini cha soketi. Kimewekwa pale maji yatoke.

Soketi ya kwenye uso wa tela ifungwe bawaba ikiwa juu, ili kifuniko kianguke chenyewe. Springi ikifa, kipande cha tyubu ya baiskeli kinashika vizuri mpaka upate nyingine. Kebo iache ning'inio chini kidogo kabla ya kuingia kwenye soketi, maji yadondokee pale badala ya kufuata mpaka ndani. Tela likiachwa yadi, usivalishe soketi mfuko wa plastiki. Kwa joto la pwani mfuko unatoa jasho kwa ndani, na asubuhi utakuta matone kwenye pini. Na kebo ya upande wa kichwa cha lori isiachwe ikining'inia ikigonga sahani yenye grisi ambayo tela hukalia. Funga soketi tupu nyuma ya kabini, isiyo na waya wowote, plagi ipumzike humo. Wanaoosha kwa presha waambieni wapite mbali.

Shoti ikishatokea, chomoa kebo upande wa tela kwanza. Fyuzi ikiendelea kukatika, tatizo liko kwenye kichwa au kebo. Ikitulia, liko kwenye tela. Ukipima omu kati ya pini 1 na nyingine, toa globu kwanza. Globu baridi za breki mbili kwa pamoja husoma kati ya omu 1 na 2, na wengi wamefumua nyaya za tela zima wakidhani hiyo ni shoti. Globu zikiwa nje, mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha maelfu ya omu, ni unyevu. Ikionyesha sifuri, ni waya uliobanwa au kuchunika, na mara nyingi utaukuta pale unapopita kwenye tundu la chesisi lisilo na mpira.

Badala ya kumaliza boksi la fyuzi, chomeka globu ya wati 21 mahali pa fyuzi, za tela zikiwa bado zimetolewa. Shoti ikiwepo itawaka kwa nguvu zote. Mwenzako atikise kebo kuanzia mbele kwenda nyuma. Ikizimika, simama hapo hapo. Kuweka fyuzi ya 30 badala ya 10, au kuizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuhamishia fyuzi kwenye waya, na waya wa milimita 1.5 uliofungwa pamoja na wenzake sita utaungua ukiwa ndani ya bomba usiloliona.

Taa za LED zina kituko chake. Zinakula umeme kidogo sana, kwa hiyo plagi yenye unyevu inaziwasha hafifu hata swichi ikiwa imezimwa. Ukiona indiketa ya LED inang'aa kwa mbali usiku na hakuna aliyeigusa, ifungue plagi.