Fundi, hii moja imefumba jicho

Jumapili, saa nne usiku. Nimeoga mara mbili na vidole bado ni vyeusi. Mke wangu amenikataza kabisa kugusa unga wa chapati.

Kazi yangu hapa Nakuru ni mageti, milango na grili za madirisha. Mtu akisema "grili" mimi moja kwa moja namwona mwizi amesimama nje ya dirisha, amekasirika. Kwa hiyo mzee mmoja wa Milimani alipokuja karakana akasema anataka grili mbili za nyuma ya gari, nilimwuliza kwa heshima zote, "Mzee, kwani hiyo injini inaibiwa kutokea nyuma?" Alicheka mpaka akashikilia jiliwa, kile kibanio cha chuma mezani, asianguke.

Gari lenyewe ni nakala ya Ford GT40, lile lililoshika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa, mwaka 1966. Hiyo 40 ni inchi, kutoka ardhini hadi paani. Sikuamini mpaka niliposimama kando yake, paa likanifika kwenye mshipi. Sisi huku tumezoea magari ya Safari Rally yanayorusha vumbi Naivasha, yameinuliwa kama mbuzi wa mlimani. Hili tuta la kwanza tu la mtaani lingelikwaruza tumbo. Mzee amelijenga kwa miaka mingi, fremu ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na injini ya V8 imelazwa nyuma ya viti. Joto la injini hiyo lote limefungiwa chini ya kifuniko kimoja cha faiba, na nafasi mbili zilizo mkiani, kushoto na kulia, ni baadhi ya njia zake za kutokea. Fundi aliyenitangulia alikuwa amebandika hapo wavu wa plastiki. Ulikuwa umelegea na kukunjamana kama utando wa maziwa.

Nilianza na katoni. Naipenda hatua hii kuliko hata kuchomelea, sijui kwa nini. Labda kwa sababu katoni haina hasira. Unaibandika juu ya tundu, unapitisha kidole ukingoni mpaka mstari ujichore, unakata, unajaribisha, unakata tena. Upande wa kushoto ukakaa vizuri. Nikaipindua katoni niiweke kulia, nikitarajia ilale kama mfuniko wa sufuria. Wapi! Kona ya juu ilibaki nje kwa milimita 8. Bodi ya faiba hutolewa kwenye kalibu kwa mikono ya watu, na macho hayawezi kugundua tofauti hiyo ukisimama nyuma ya gari. Nikakata katoni ya pili. Nilitaka kuziandika K na K, kushoto na kulia, nikajicheka. Nikaandika SH na L.

Dukani waliniletea kwanza ule wavu wa trei za kukaushia kahawa. Ni laini mno, ungetetemeka na injini mpaka ukatike. Nilichotaka ni wavu wa bati lililochanwa mipasuko kisha likavutwa, matundu yakafunguka kama almasi. Fremu nilikunja kwa nondo ya milimita 6, bila moto, kwenye jiliwa, kidogo kidogo huku nikiilinganisha na katoni. Kuchomelea nilifanyia mbali na gari, maana faiba na petroli si majirani wa cheche. Wavu mwembamba ukiufuatisha moto kwa mstari mmoja unajikunja, kwa hiyo napiga doti moja hapa, nyingine kona ya mbali, nasubiri ipoe, narudi katikati. Jioni ya Jumatano zote mbili zilikuwa zimekamilika, zimenyooka, na mimi nimejaa sifa.

Tulizishikilia mahali pake kwa utepe wa karatasi, tukarudi nyuma hatua tano. Kijana wangu akainamisha kichwa. "Fundi, hii moja imefumba jicho."

Alikuwa na haki. Ya kushoto uliona ndani hadi kwenye mabomba ya moshi. Ya kulia uliona chuma kitupu. Wavu wa namna hii, kwa vile umevutwa, nyuzi zake hazilali bapa. Zimeinama upande mmoja kama vibao vya dirisha la choo. Ukitazama kutoka juu unaona ndani, ukiugeuza juu chini unafungika. Nami, ili nisipoteze kipande, nilikuwa nimeipindua katoni ya L juu chini kwenye bati ili kona zake ziingiliane na za SH. Niliokoa labda kiganja kimoja cha wavu.

Nitasema ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ziko nyuma ya gari, chini, zitapakwa rangi nyeusi. Mimi nimeshapeleka grili za madirisha zenye kosa kubwa kuliko hilo na mteja akaning'iniza pazia, mambo yakaisha. Lakini ningejuaje kulala? Nilimpigia mzee simu aje mwenyewe aone. Akachuchumaa pale nyuma muda mrefu, magoti yakilia, akaangalia huku, akaangalia kule. Nikamweleza kwamba ile iliyofumba inamwaga mvua nje na bado inapitisha hewa, ile iliyo wazi inaonyesha injini. Nilidhani atataka injini ionekane.

"Zifumbe zote," akasema. "Sitaki watu waone waya zangu."

Kwa hiyo iliyoharibika ikawa ndiyo sahihi, na ile niliyojivunia ndiyo niliyoikata doti kwa grainda. Wavu mpya nimenunua kwa pesa yangu. Hilo sikumwambia.

Rangi nayo ilikuwa mtihani. Jina la Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayepuliza rangi hapa mchana anajua Wamaasai hawakukosea. Niliamka saa kumi na moja, nikamwagia maji sakafuni, nikasafisha mafuta kwa tina, nikapuliza praima, ile rangi ya chini, halafu nyeusi tabaka nne nyembamba. Ukipuliza nene mara moja almasi zinaziba, na hapo umetengeneza kifuniko.

Leo ndiyo tumezifunga, kwa mzee mwenyewe. Faiba haitaki kulazimishwa. Unabandika utepe pale pa kutoboa, drili polepole, usiegemee, la sivyo ufa unaanzia kwenye tundu na kukimbia. Bolti ni za milimita 5, matundu nimeyapa 6 ili chuma kikipata joto kipate pa kujinyoosha. Kila bolti ina washa pana, na kati ya fremu na bodi nimeweka vipande vya tyubu ya baiskeli ili zisipige kelele.

Mzee akawasha. Majirani walitoka nje. Niliweka kiganja mbele ya grili ya kushoto, na baada ya dakika chache hewa ikaanza kuja, moto, yenye harufu ya rangi yangu mbichi, kama mtu anayepumulia mkono wako. Nikahamia ya kulia. Sawasawa.

Alizima, akazunguka gari, akapitisha kidole kwenye almasi moja moja bila kusema kitu. Halafu akatazama karakana yake, yale madirisha mawili yasiyo na chochote ila vioo.

"Fundi," akasema, "na zile za kuzuia mwizi unafanya bei gani?"