Ukurasa Uliokatwa: Kutoka Dar hadi Stony Island

Mwaka 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulipofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mjomba wangu alikuwa dereva wa kubeba wageni. Mmarekani Mweusi mmoja alimwachia Ebony, jarida la Wamarekani Weusi. Mjomba alikuwa bado hajalimaliza, mkewe alipokata ukurasa wa mapishi, na mwisho wa habari aliyokuwa akiisoma ulikuwa nyuma ya ukurasa huohuo. Niliposema naenda Chicago, aliniagiza kitu kimoja tu: "Nitafutie ilivyoishia."

Nilianzia zilipokuwa ofisi za Ebony, namba 820, South Michigan Avenue. Ni ghorofa 11 zinazotazama bustani na ziwa, zilizochorwa na John Moutoussamy, msanifu Mweusi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Juu ya paa bado yapo maandishi makubwa: EBONY/JET. Nilisimama chini yake muda mrefu, upepo wa Novemba ukinipiga usoni. Ofisi hakuna tena. Siku hizi ni nyumba za kupanga. Kijana aliyekuwa mapokezi aliniambia kwa upole kwamba wapangaji wengi huuliza hayo maandishi maana yake nini.

Maana yake ni John H. Johnson. Mwaka 1942 alikopa dola 500 kwa kuweka rehani samani za mama yake, akaanzisha jarida la Negro Digest. Wasambazaji walipokataa kulichukua, akawatuma marafiki zake wazunguke kwa wauza magazeti wakiliulizia, mpaka likachukuliwa. Novemba 1945 ikaja Ebony. Nakala 25,000 za kwanza zikaisha. Alifuata mfano wa Life, jarida la picha lililoanza 1936, ila kwenye kurasa zake waliojaa ni Wamarekani Weusi, watu ambao Life iliwaonyesha kwa nadra.

Nikapanda basi la kwenda kusini, ziwa likiwa kushoto kwetu. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa jirani yangu aliliona jarida la mjomba mapajani kwangu, akaomba alishike. Hakulifungua. Alilishika tu kwa mikono miwili. Akasema saluni aliyosukwa utotoni ilikuwa na rundo la Jet, jarida dogo la kampuni hiyohiyo ya Johnson, na mama yake hakumruhusu kugusa toleo moja lililowekwa kabatini. Nilijua analolisema. Septemba 1955 Jet ilichapa picha ya uso wa Emmett Till, mtoto Mweusi wa Chicago wa miaka 14 aliyeuawa na Wazungu huko Mississippi. Mama yake, Mamie, ndiye aliyetaka jeneza liachwe wazi ili watu waone. Ni kijarida cha kutia mfukoni, lakini sijui gazeti kubwa lililotikisa nchi ile namna hiyo.

Kushuka kwa majarida kulianza na makubwa. Life iliwahi kuuza zaidi ya nakala milioni 8 kwa wiki, na bado mwaka 1972 ikaacha kutoka kila wiki, kwa sababu watangazaji walihamia kwenye televisheni na posta ilipandisha bei. Ebony ilidumu. Mimi naamini ilidumu kwa sababu televisheni ya wakati ule haikuwa na nafasi kwa wasomaji wake. Simu janja zilipokuja, kinga hiyo ikaisha. Jet iliacha kuchapwa kwenye karatasi mwaka 2014. Mwaka 2019 kampuni ya Johnson ikafilisika, na hazina yake ya picha zaidi ya milioni 4 ikanunuliwa na taasisi nne kwa dola milioni 30 ili isitawanyike. Nashukuru walifanya hivyo.

Nilishukia Stony Island, barabara ya kusini mwa Chicago. Benki ya zamani iliyojengwa 1923 ilikuwa imeachwa ikioza, hadi msanii Theaster Gates alipoinunua kwa dola moja na kuifungua upya mwaka 2015. Humo ndimo ilimo maktaba ya kampuni ya Johnson, rafu zikipanda hadi darini. Mhudumu alisikiliza kisa changu, akaondoka bila neno, akarudi na juzuu la Ebony za mwaka 1974. Tulifunua pamoja, jarida la mjomba likiwa pembeni, tukilinganisha kurasa moja moja. Tulipofika kwenye mapishi, akaondoa mkono wake ili nigeuze mwenyewe.

Habari yote ilikuwapo, safu mbili na nusu.

Niliupiga picha ukurasa, nikatoka kwenye ngazi, nikapiga simu. Ilikuwa saa nane mchana. Dar saa tano usiku.

"Shikamoo mjomba. Nimeupata."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Usinitumie picha, macho yangu hayawezi tena. Nisomee. Anza pale nilipoishia."

Nikaketi kwenye ngazi, nikafungua jarida lake, nikamsomea kwanza mistari ya mwisho aliyokuwa anaijua.