Kumbukumbu ya mradi: mbuzi mmoja, kuanzia mnadani hadi jikoni

Lengo ni kuchinja, kukata na kupika mbuzi mzima nyumbani, hapa Arusha, kwenye baridi ya Julai, na kupata nyama laini isiyonuka beberu. Viungo vina kazi ndogo sana katika hilo. Ugumu na harufu huamuliwa kuanzia mbuzi anapofungwa kamba hadi asubuhi ya pili yake, kwa hiyo saa hizo ndizo zilizoandikwa kwa kirefu.

Jumatano, baada ya mnada

Mbuzi ametoka mnada wa Meserani, Monduli: dume aliyehasiwa, kilo 30 hivi akiwa hai. Umri umesomwa kwenye meno. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Chini ana manane. Mawili ya katikati yakishabadilika kuwa mapana, ana mwaka mmoja na miezi kadhaa. Yakiwa manne, anakaribia miaka miwili. Akijaza manane, ni mzee wa miaka minne au zaidi, mtafutie sufuria ya supu tu. Huyu ana mawili.

Kuhasiwa nako kunahakikishwa kwa mkono. Aliyehasiwa kwa burdizo, yaani koleo linaloponda mishipa ya korodani bila kukata ngozi, bado ana kifuko, lakini ndani yake unakuta vinundu vidogo vilivyosinyaa. Beberu aliyehasiwa juzi bado ni beberu: harufu huchukua majuma mengi kuisha. Pitisha pia kiganja mgongoni. Uti ukichoma kiganja, nyama itakuwa kavu hata ukiipika vipi.

Amelala kwenye kivuli pamoja na mbuzi mwenzake, kwa sababu akifungwa peke yake hulia na kuzunguka usiku kucha. Mbuzi aliyekimbizwa, au aliyekesha kwa hofu, humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka asidi baada ya kuchinjwa; isipokuwepo, nyama inabaki nyeusi, inanata vidoleni na kuharibika upesi. Chakula kimekatwa jioni hii. Maji anayo hadi mwisho, maana mnyama mwenye maji mwilini huchunika kirahisi.

Alhamisi, saa 10 jioni

Vifaa: kisu cha kuchunia chenye ncha iliyopinda, kisu chembamba cha sentimita 15 cha kutoa mifupa, kinoo, kamba ya katani, glavu, ndoo ya maji ya moto yenye sabuni kwa ajili ya mikono, sufuria ya maji yanayochemka kwa ajili ya visu, na beseni pana la matumbo. Msumeno wa chuma umewekwa utepe mpya na kusuguliwa kwa sabuni, kwa sababu tepe hizo hutoka dukani zikiwa na mafuta. Panga na gogo havikuletwa kabisa. Panga hupasua mfupa, na vichembe vyake utavikuta kwenye pilau.

Afisa mifugo wa kata amemtazama mbuzi akiwa hai na atarudi kukagua viungo vya ndani. Hatua hii isirukwe. Mnyama anayekohoa, mwenye homa au aliyetupa mimba hachinjwi kwa kuliwa. Aliyekutwa amekufa, akatoka damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, huenda ana kimeta: usimfungue, usimchune, mwite mtaalamu.

Alhamisi, saa 11 jioni

Saa imechaguliwa makusudi: nzi wanapungua na usiku wa baridi uko mbele. Kisu kimenolewa mbali na macho ya mnyama. Mkato ni mmoja, chini kidogo ya koo, unaopita koromeo, umio na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili. Kichwa kinabaki hadi mwili utulie kabisa. Gusa mboni ya jicho, na asipopepesa ndipo kazi inaendelea. Damu ni lita moja hivi. Wanaopika kisusio, supu yenye damu, kama Wachaga wa jirani zetu, huikinga na kuikoroga hapo hapo ili isigande, hapa imezikwa.

Kwenye kuchuna ndipo harufu inapoingia. Kinachonuka zaidi ni manyoya, na tezi zilizo nyuma ya pembe. Mkono uliogusa manyoya ukigusa nyama, harufu imehama, na hakuna tangawizi itakayoirudisha. Kwa hiyo mkono wa kushoto ni wa ngozi na wa kulia ni wa nyama, na kila ukichanganya unanawa. Kisu kinaingizwa chini ya ngozi, makali yakitazama nje, ili ngozi ikatwe kutoka ndani. Ukikata kutoka juu unakata nywele, nazo zinamwagika kwenye nyama, na moja moja hazitoki.

Mbuzi ametundikwa kichwa chini, fimbo ikipita nyuma ya kano za kisigino. Mkato umeanzia hapo, ukashuka ndani ya paja hadi njia ya haja, halafu katikati ya tumbo hadi kidari. Baada ya hapo kisu kinawekwa kando na kazi inafanywa kwa ngumi: sukuma kati ya ngozi na utando mweupe wa nyama, polepole, kuelekea mgongoni. Ule utando ukibaki mzima ndio utakaoilinda nyama usiku. Mwili ukiwa wa moto, ngozi yote inatoka kwa dakika 20. Ukisubiri upoe, unaanza kuikwangua na kuitoboa. Kupuliza kwa mdomo, kama baadhi ya wachunaji wanavyofanya, ni kupaka mate kwenye nyama ya watu.

Matumbo yanatoka ndani ya nusu saa baada ya kuchinja. Kabla ya kufungua tumbo, vifungo viwili: umio unafungwa kwa kamba shingoni, na njia ya haja inazungushiwa kisu, inavutwa kidogo na kufungwa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vinaingia tumboni kwanza na kuongoza kisu katikati yake, makali nje, ili utumbo usiguswe. Kibofu kinatolewa kikiwa kimebanwa shingoni mwake. Nyongo inakatwa pamoja na kipande kidogo cha ini, usijaribu kuibandua. Ikipasuka, kata nyama iliyopakwa ukijani na uitupe, maana ukiiosha unausambaza uchungu.

Ukaguzi: ini lenye mifereji minene iliyokakamaa lina minyoo bapa, mapafu au ini lenye malengelenge ya maji lina vifuko vya tegu wa mbwa. Viungo vya namna hiyo vinazikwa kwenye shimo lenye kina cha mita moja. Kumtupia mbwa vikiwa vibichi ni kuendeleza ugonjwa unaorudi kwa watoto wanaocheza naye. Ini la leo ni safi, kingo zake kali, rangi moja. Mapafu nayo safi.

Mzoga haukumwagiwa maji. Uso mkavu hauwapi vijidudu nafasi. Palipoingia uchafu pamekatwa kwa kisu safi. Uzito bila kichwa, miguu wala matumbo ni kati ya kilo 13 na 14, na ndicho cha kutarajia kwa mbuzi wa kilo 30.

Alhamisi usiku

Mzoga unaning'inia kwenye stoo yenye dirisha la wavu, umefunikwa shuka jeupe jepesi lisilogusa nyama. Chandarua cha mbu hakifai, maana kina dawa. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 14.

Kwa nini usiingizwe kwenye friji mara moja? Misuli bado ina nguvu ya kujikunja. Ikipozwa chini ya nyuzi 10 kabla ya saa 10 hivi kupita, hujikunja na kubaki hivyo, na nyama hiyo hata ichemshwe nusu siku inatafunika kama raba. Mbuzi ndiye anayeumia zaidi kuliko ng'ombe, kwa kuwa ni mdogo na hana koti la mafuta la kuzuia baridi. Watu wengi wanaolalamika kuwa mbuzi wao ni mgumu wamemkata akiwa wa moto na kumtia kwenye friza usiku huo huo. Nyama iliyoganda hivyo hukakamaa upya inapoyeyushwa, na maji yake yote hubaki kwenye sahani.

Hili linafanyika Arusha, Lushoto, Njombe au Limuru wakati wa baridi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa usiku wa nyuzi 25 haufai hata kidogo. Huko chinja alfajiri na uipeleke nyama jikoni ndani ya saa mbili tatu, kabla haijakakamaa, kama wanavyofanya wachoma ndafu.

Maini hayangoji. Yamekatwa unene wa sentimita moja, yakaondolewa utando wa juu na mishipa, yakaingia kwenye kikaango chenye moto mkali pamoja na vitunguu vilivyotangulia. Dakika tatu kila upande, chumvi mwishoni. Ikitangulia inatoa maji na maini yanachemka badala ya kukaangika. Figo zimepasuliwa, kiini cheupe kikatolewa, maana ndicho chenye harufu ya mkojo.

Utumbo umeoshwa usiku huu huu kwa sababu ukilala unaharibika. Tumbo kubwa na kitabu, yaani kile kifuko cha tumbo chenye kurasa kurasa, vimemwagiwa maji ya nyuzi 65 hadi 70, yaani yanayotoa mvuke bila kutokota, kisha vikakwanguliwa kwa mgongo wa kisu. Maji yanayochemka huikaza ngozi nyeusi ya ndani na haitoki tena. Kichwa na miguu vimebabuliwa motoni na kusuguliwa kwa waya.

Ijumaa asubuhi

Uso wa nyama umekauka, unateleza kama karatasi ya nta, na hauna harufu. Ndani ya paja ni nyuzi 16.

Kukata kunafuata viungo, na msumeno umetumika mgongoni na kwenye mbavu tu. Mikono ya mbele haina kiungo cha mfupa na kifua: inua mkono, fuata utando chini ya bega, na unatoka wenyewe. Shingo inakatwa kati ya pingili, palipo na ulaini. Mapaja yanatenganishwa kwenye nyonga. Zungusha mguu, tafuta kifundo cha duara, kata kano iliyo katikati yake. Sarara mbili ndogo zilizo ndani ya mgongo, chini ya figo, zinavutwa kwa vidole. Kidari kinaachana na mbavu kwenye gegedu. Ndani ya mafuta ya paja, kati ya misuli, kuna tezi ya kijivu ya ukubwa wa harage kubwa. Itoe, ina ladha mbaya.

Mafuta magumu yaliyozunguka figo yametengwa. Ni mazuri kukaangia, lakini yakiachwa kwenye mchuzi huganda kwenye paa la kinywa mara chakula kinapopoa.

Vipande vyote vimeingia kwenye friji, nyuzi 3, juu ya waya, bila kufunikwa na bila kurundikwa. Vitakaa hadi Jumapili. Mifupa haikungoja: shingo, miundi, kichwa na miguu vimewekwa kwenye maji baridi, vikapashwa polepole, povu likaenguliwa, halafu moto mdogo kwa saa tatu na tangawizi, kitunguu na chumvi. Supu ikitokota kwa nguvu, mafuta huvurugikia ndani na inakuwa nyeupe, nzito. Ndimu na pilipili ni za mezani.

Jumapili

Paja moja, kilo mbili, lilipakwa chumvi jana usiku, gramu 15 kwa kilo. Mkaa umesukumwa upande mmoja wa jiko na paja likawekwa upande mwingine, likifunikwa, kwa karibu saa mbili. Lilipofika nyuzi 78 karibu na mfupa limehamishiwa juu ya makaa kwa dakika chache kupata rangi, likapumzika dakika 15, likakatwa kinyume cha nyuzi za nyama. Ni laini, na harufu yake ni ya nyama tu. Lingewekwa juu ya makaa tangu mwanzo, nje lingeungua na mfupani likabaki damu.

Mshikaki umetoka kwenye nyama ya ndani ya paja la pili: kilo moja, kijiko kikubwa kimoja cha papai bichi lililokunwa, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu. Nusu saa inatosha. Papai likilala na nyama usiku kucha, nje inageuka uji na katikati inabaki ilivyokuwa. Sarara hazikutiwa papai, hazilihitaji.

Bega moja, pamoja na nusu ya mbavu, vimekwenda kwenye pilau: kilo moja na nusu ya nyama kwa kilo moja ya mchele wa Kyela uliolowekwa nusu saa. Vitunguu vinne vikubwa vimekaangwa hadi kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Bizari nyembamba kijiko kikubwa kimoja na nusu, iliki 10, karafuu 8, pilipili manga nzima kijiko cha chai, mdalasini vijiti viwili. Nyama imeiva kwanza, supu ikapimwa: kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Mchele mpya wa msimu huu unataka pungufu kidogo.

Kilichobaki

Bega la pili, kidari, mbavu zilizosalia na chopsi za mgongo vimefungwa kilo moja moja, hewa imekamuliwa, tarehe imeandikwa, vimeingia kwenye friza. Umeme ukikatika, friza iliyojaa hushikilia ubaridi karibu saa 48 ikiwa haijafunguliwa, na iliyojaa nusu kama saa 24. Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku mzima.

Ngozi ilitandazwa kivulini Alhamisi ile ile, upande wa nyama juu, ikakwanguliwa mafuta na kupakwa chumvi karibu nusu ya uzito wake. Jua kali huipika na nywele kuanza kung'oka. Leo imetoa maji yake. Chumvi iliyolowa imekung'utwa na mpya kupakwa.