Nilivyoizoea "arguably" nikitembeza wageni Lamu

Mi natembeza wageni hapa Amu, na katika yale maneno ya Kizungu ya kuonyesha maoni ya msemaji, lililonifaa zaidi ni "arguably". Naandika manake vijana wanaoanza hii kazi wananiuliza sana, na kamusi inakupa mstari mmoja tu halafu inakuacha njiani.

Ukiona lina "argue" ndani unadhani ni la ubishi. Siyo. Ukisema "arguably" wewe uko upande wa hilo jambo, unaliamini na hoja ya kulitetea unayo, ila mwenye hoja nyingine hujamfungia mlango. Hapo ndipo linapoachana na "probably", ambayo inapima tu kama jambo laweza kuwa kweli, na "debatable" nayo inaelemea kwenye shaka, anayekusikia anajua hujakubali.

Nililishika kwa kusikiliza. Wageni wakiongea wenyewe kwa wenyewe kule juu ya ngome mi nategea sikio neno gani linafuata, na karibu kila mara ni sifa ya kupita zote, "the best", "the oldest", "the most beautiful". Basi nikawa naliweka hapo hapo, baada ya "is" kabla ya hiyo sifa: "Lamu is arguably the oldest living Swahili town." Mgeni akiuliza kwa nini, jibu ninalo, UNESCO waliutia mji wa kale kwenye urithi wa dunia 2001 na wanautaja kuwa mkongwe na uliohifadhika vizuri kuliko miji mingine ya Waswahili Afrika Mashariki, na mpaka leo watu wanazaliwa na kuzikwa humu. Lakini hapo kisiwani Pate kuna magofu ya Shanga, wachimbuaji wa mambo ya kale wanayarudisha hadi karne ya 8, ila hayana mtu, ndio maana hilo "living" siliachi kamwe, na mtu wa Mombasa akisimama kuutetea mji wake naye ana la kusema. Neno moja tu limebeba yote hayo na kwetu nimekusifu bila kutia chumvi, hili nalipenda sana wallahi.

Tarehe siliwekei. Ngome ilimalizwa 1821, ikaja kuwa jela mpaka 1984, hayo yaseme makavu, ukiyatilia "arguably" mgeni ataanza kuuliza mzozo uko wapi. Na mambo ya ladha pia hapana, biriani ya jirani yangu ni tamu kwangu mimi, kwa hiyo hapo nasema "personally" au "I think", sina ushahidi zaidi ya ulimi wangu.

Kulitamka, uzito uko mwanzo, AA-gyu-ab-li, usiivute ile "ably".