Siku moja mezani kwangu: pete ya zamani na swali la jiwe lake

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua ofisi yangu ya kupima vito hapa Arusha, kazi ya kwanza ni usafi. Refraktomita, kile kifaa cha kusoma jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe, ina kioo laini kuliko vito vingi ninavyoviweka juu yake. Chembe moja ya mchanga ikibaki pale, rubi inaikwaruza na vipimo vya siku nzima vinaharibika. Nafuta kwa pamba na spiriti, kisha nawasha taa ya hadubini.

Saa 2:40. Dalali mmoja kaja na mawe mekundu ghafi kutoka Mahenge, anataka kujua ni rubi au spineli, kito kingine kinachofanana na rubi. Haikuchukua muda. Ukiitazama rubi kupitia daikroskopu, kifaa kidogo cha kutenganisha rangi za jiwe, unaona rangi mbili kwa pamoja, wekundu ulioegemea zambarau na mwingine ulioegemea machungwa. Mawe yake yote yalitoa rangi moja tu. Ni spineli. Hakusikitika hata kidogo, maana spineli nzuri ya Mahenge inatafutwa na wanunuzi wa dunia nzima.

Saa 4:00. Akaingia mama mmoja na binti wa kaka yake, wametoka Tanga. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua leso. Ndani mlikuwa na pete ya dhahabu yenye jiwe jekundu la duara dufu, ukubwa wa punje ya hindi. Kainunua Mombasa kwa muuza vitu vya zamani, anataka kumpa binti siku ya harusi yake.

"Muuzaji kaniapia ni rubi ya kweli, mwanangu. Kasema pete hii ni ya enzi za Waingereza, na enzi hizo feki hazikuwepo."

Kauli hiyo naisikia mara kwa mara na inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu ndiyo inayowatoa watu akiba zao. Nikamwambia tutatenganisha maswali: dhahabu kivyake, umri wa pete kivyake, jiwe kivyake. Chapa zilizogongwa kwenye dhahabu haziapi chochote kuhusu jiwe.

Nikaanza na chapa hizo. Kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10, upande wa ndani wa pete nikasoma 15, kisha .625, kisha nanga. Nanga ni alama ya ofisi ya upimaji dhahabu ya Birmingham, Uingereza. Namba zile mbili, zote zikimaanisha dhahabu ya karati 15, yaani sehemu 15 kati ya 24, ndizo zilizonifurahisha. Waingereza walianza kugonga chapa dhahabu ya karati 15 mwaka 1854, wakaiacha mwaka 1932. Kwa hiyo, kama chapa ni halali, pete imepita kwenye ofisi ile ndani ya miaka hiyo. Herufi ya mwaka, ambayo ingetupa jibu la karibu zaidi, imesagika kwa kuvaliwa. Nikasugua kidogo kwenye jiwe la kupimia dhahabu na kuweka asidi, na mstari ukalingana na karati zilizoandikwa. Nikamwambia mama kwamba hapo hakudanganywa.

Saa 5:00. Sasa jiwe. Niliosha pete kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kwa mswaki, maana mafuta ya mikono ya miaka yote hiyo yalikuwa yameganda nyuma ya jiwe. Ukipima jiwe chafu unapima uchafu.

Refraktomita ikasoma 1.762 na 1.770. Glasi ingetoa namba moja tu, na garneti na spineli vilevile. Namba hizi mbili ni za korandamu, yaani familia ya rubi na safaya. Chini ya taa ya miale ya urujuanimno jiwe likawaka jekundu kama kaa la moto. Binti akapiga makofi. Nikamwomba asubiri kidogo.

Hapa ndipo wengi wanaposimama, hata baadhi ya masonara, na ndipo kosa linapozaliwa. Vipimo hivi vinasema jiwe ni rubi kwa kemia yake. Havisemi limetoka ardhini au kiwandani, kwa sababu rubi ya kiwandani ina kemia ileile, ugumu uleule wa 9, na namba zilezile. Tena, jiwe linapowaka mno chini ya miale ile, mimi huzidi kuwa makini. Rubi nyingi za asili zina chuma ndani yake, na chuma hufifisha mwako huo.

Jibu liko ndani ya jiwe, kwa hiyo nikahamia kwenye hadubini. Nikaweka karatasi nyeupe mbele ya taa ili mwanga uwe mpole, nikaizungusha pete taratibu. Mwanzoni sikuona kitu. Rubi kubwa hivi isiyo na dosari hata moja ni nadra sana, na bei yake isingefika kwenye meza ya vitu vya mitumba. Nikainamisha pete zaidi, nikatazama jiwe kwa upande. Ikajitokeza mistari myembamba sana, iliyojikunja yote kwa mwelekeo mmoja mithili ya mikwaruzo ya sahani ya santuri. Pembeni yake palikuwa na viputo viwili vidogo vya hewa.

Kristali ya asili hukua kwa pembe, kwa hiyo mistari yake ya ukuaji hunyooka na kukutana kwenye kona. Mistari iliyopinda ina chanzo kimoja. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza rubi: unga safi wa alumina (oksidi ya alumini) wenye kromiamu kidogo unadondoshwa kupitia mwali wa hidrojeni na oksijeni, unayeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000, na matone yanajijenga tabaka juu ya tabaka kwenye kigogo chenye kichwa cha mviringo. Tabaka hizo za mviringo ndizo mistari niliyokuwa naitazama. Ndani ya miaka michache viwanda vya Ulaya vilikuwa vikizalisha rubi hizo kwa wingi, na masonara wakaziweka kwenye pete nzurinzuri za dhahabu halisi.

Likabaki swali moja: je, kuna mtu alilitoa jiwe la asili akapachika hili? Nikakagua kucha zinazolishika jiwe. Zote zimelika sawasawa, hakuna alama ya koleo, hakuna lehemu mpya. Naamini jiwe hili limekuwa humu tangu mwanzo, na kwamba pete ilitengenezwa baada ya 1902 na kabla ya kuachwa kwa karati 15.

Saa 7:00. Ndizi nyama, haraka, nikiwa na simu sikioni.

Saa 8:00. Nikawaita wote wawili watazame kwenye hadubini wenyewe. Mpaka leo sijapata njia bora kuliko hii. Mtu akiiona mistari kwa macho yake, hahitaji kuamini neno langu. Binti aliiona upesi. Mama alichukua muda, kisha akanyamaza.

"Kwa hiyo ni feki?"

"Hapana, mama. Pete ni ya zamani kweli, dhahabu ni kweli, na jiwe ni rubi iliyotengenezwa na binadamu. Ila umelipishwa bei ya rubi ya ardhini, na hiyo ndiyo dhuluma."

Hilo nalisema kwa nguvu kwa sababu neno feki linawafanya watu watupe vitu vizuri. Niliona pete kama hii ikitaka kuuzwa kwa bei ya dhahabu ya kuyeyusha, na ufundi wa mikono ya zaidi ya miaka 90 ungepotea kwenye moto.

Saa 9:30. Kijana akaleta pete nyingine "ya urithi". Hii ilikuwa kinyume kabisa. Jiwe limetoka ardhini, lakini limejaa nyufa zilizozibwa kwa glasi yenye madini ya risasi. Ukilizungusha, nyufa zinatoa mmweko wa bluu. Tiba hii ilienea sokoni miaka ya 2000, na pete yenyewe ni ya kumiminwa juzi, imepakwa weusi kwenye kona ili ionekane imezeeka. Nikamwonya asiipeleke kwa sonara kupunguzwa ukubwa bila kusema, kwani joto la mwali huiharibu glasi ile, na hata maji ya ndimu huila.

Saa 11:00 jioni. Namalizia kuandika cheti cha mama wa Tanga: dhahabu karati 15, chapa ya Birmingham, jiwe rubi ya kutengenezwa kwa njia ya mwali. Kaniuliza kama binti anaweza kuivaa kila siku. Anaweza, ila kucha mbili zimekuwa nyembamba, sonara aziongezee dhahabu kwanza. Pete hawairudishi, binti kaipenda. Ila Ijumaa mama anapitia Mombasa na cheti mkononi, kudai tofauti ya bei.