Kigari nje ya mkahawa

Kigari kilikuwa cha buluu iliyokoza, kimeegeshwa ukutani nje ya mkahawa mmoja mtaa wa Nørrebro, Copenhagen. Ndani alilala mtoto wa miezi sita hivi. Ilikuwa Januari, madimbwi ya barabarani yameganda. Nilichoona ni kofia ya sufi iliyoshuka hadi kwenye nyusi na kapua kekundu. Kila akipumua, kamvuke kanapanda. Mama hayupo. Nikasimama pale pale.

"Twende ndani, mdogo wangu, tutaganda," dada akaniambia. Ni mtoto wa mama yangu mkubwa, kaolewa huko miaka mingi na anafanya kazi chekechea. Nikamwambia siondoki mpaka nimjue mwenye mtoto. Kwetu Ngamiani, Tanga, mtoto mchanga akionekana peke yake barazani, haipiti muda kashanyanyuliwa na mtu anauliza huyu wa nani. Hapa watu walipita na baiskeli zao, hakuna aliyegeuza shingo.

Dada akanishika mkono, akanikalisha meza ya dirishani. Akanionyesha kwa macho mwanamke aliyekaa nyuma yetu, anakunywa kahawa na mwenzake, na mezani kuna kidude chenye taa ya kijani kinachomletea sauti ya mtoto. Denmark, akanieleza, watoto hulazwa nje mchana hata wakati wa baridi, kwa imani kwamba hewa safi inawapa usingizi mzuri na afya. Kazini kwake lipo banda maalumu la vigari. Mwaka 1997 mama mmoja wa Kidenmark alifanya hivyo hivyo New York, akamwacha mwanawe nje ya mgahawa. Polisi walimkamata, na mtoto akachukuliwa akalelewa na wengine kwa siku kadhaa. Tendo ni lile lile.

Hapo akachukua kalamu, akageuza risiti, akachora mistari miwili iliyopindapinda, inayotazamana. "Unaona nini?"

Nikaona watu wawili, pua kwa pua, wanakaribia kugusana. Yeye akasema anaona chombo cha maua. Nikakodoa. Mara chombo kikajitokeza, shingo nyembamba, kitako kipana, na wale watu wakatoweka. Nikawatafuta; waliporudi, chombo hakipo. Nilijaribu kwa nguvu zote kuwaona wote kwa mpigo, macho yakagoma kabisa, na kahawa yangu ikapoa. Mchoro huo umepewa jina la Edgar Rubin, mwanasaikolojia wa mji ule ule, aliyeuweka kwenye tasnifu yake ya mwaka 1915. Alieleza kwamba mstari wa mpaka huwa mali ya upande mmoja tu. Upande ulioupata unakuwa kitu chenye umbo. Ule mwingine unabaki nafasi tupu inayopita nyuma yake.

"Wewe umemwona mtoto," dada akasema, "mtaa mzima ukapotea nyuma yake. Wenyeji wanauona mtaa kwanza, na mtaa huo wanauamini."

Baadaye nilisoma matokeo ya utafiti wa kimataifa unaouliza kama watu wengi ni wa kuaminika. Denmark zaidi ya watu 7 kati ya 10 hujibu ndiyo. Tanzania, ilipoulizwa mwaka 2001, hakufika hata mmoja kati ya 10. Sikubali kwamba sisi hatuaminiani. Mama yangu alikuwa akiniacha kwa jirani tangu sijaota meno, anaenda sokoni na moyo wake mweupe. Lakini jirani ana jina, na ukoo wake unajulikana. Muulize Mama kuhusu "watu wengi", naye atakuuliza ni watu gani hao. Swali lenyewe limetungwa kwa ajili ya mtaa wa wageni, na watoto wa Ngamiani hawalelewi na wageni.

Kidude kikakoroma, mtoto kaamka. Kabla mama yake hajainuka, mzee mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wa mikate alisimama, akashika mpini, akaanza kukitikisa kigari taratibu huku akichungulia dirishani kumtafuta mwenyewe. Mama akatoka bila haraka. Wakasemezana maneno mawili matatu, wote wanatabasamu, mzee akaenda zake. Nikamuuliza dada kama wale wanafahamiana. Akasema hadhani.

"Na wanao wewe, ulifanyaje?"

Akanyamaza kidogo. "Wa kwanza nilimlaza ndani, mama mkwe akanuna. Wa pili nikamlaza nje. Lakini kila siku nilikaa dirishani mpaka alipoamka, sikupika wala sikufua."

Nikamwambia mimi ningevaa koti nikakae naye nje.